Mwimbaji Akae Katikati

Iafoni za bei nafuu zimejaa mjini. Kariakoo zinaning'inia kwa mafungu mbele ya maduka ya simu, Nairobi zimepangwa kwenye vibanda vya Luthuli, na kwenye foleni machinga anazipitisha dirishani mwa daladala pamoja na maji na karanga. Kila boksi limeandikwa besi. Muulize muuzaji sifa ya bidhaa yake, naye atakujibu kwa besi: "Kiongozi, hii balaa, inatikisa kichwa." Sijawahi kukutana na boksi linalomwahidi mnunuzi kwamba atayasikia maneno ya wimbo.

Nalitaja hilo kwa sababu muziki ninaoupenda ni muziki wa maneno. Ninayo pleya ndogo inayoingia mfuko wa shati. Ina tundu la iafoni na kadi ya memori, basi. Haipigi simu, haileti ujumbe, haiingizi tangazo katikati ya kibao. Humo nimeweka dansi la Dar es Salaam la miaka ya sabini na themanini, taarabu ya Unguja na ya Mombasa, na rumba kidogo ya Kinshasa. Katika nyimbo za kwetu mtunzi alikaa akapima vina na mizani, akaficha jambo ndani ya jambo, kisha akampa mwimbaji anayejua kutamka. Ukizisikiliza kwa kifaa kinachomeza maneno unabaki na mapigo matupu. Kwa hiyo suala la iafoni gani inunuliwe na mtu asiye na laki za kutupa, kwangu ni suala la kuwatendea haki watunzi na waimbaji wetu, na vifaa vinafuata nyuma yake.

Bei kwanza, maana ndiyo inayotutia unyonge. Wengi wetu tunaamini kwamba sauti nzuri imefungiwa kwenye kabati la kioo, kwenye vitu vya laki tano na zaidi, na kwamba sisi wa elfu kumi au elfu hamsini tumebakishiwa makombo. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha, katika jarida la Jumuiya ya Akustika ya Marekani, matokeo ya vipimo vya spika 283 za kichwani na za masikioni, za bei tofauti tofauti. Alitazama jinsi kila moja inavyogawa nguvu kati ya sauti nene, za kati na nyembamba, akalinganisha na bei yake dukani. Hakuona uhusiano kati ya mambo hayo mawili. Hakusema kwamba zote ni sawa, kwani zinatofautiana sana. Alichoonyesha ni kwamba bei haiwezi kukuchagulia. Pesa nyingi hununua waya imara, chuma mahali pa plastiki, pengine dhamana inayoheshimiwa. Lakini ule mgawanyo wa sauti, unaoamua kama mwimbaji Marijani Rajab atasikika kama mtu aliye mbele yako au kama mtu aliyejifunika blanketi, unaweza kuupata kwa bei ndogo na ukaukosa kwa bei kubwa.

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Iafoni inayozama ndani ya tundu la sikio ina undugu na vifaa vya kuwasaidia watu wenye usikivu hafifu. Mead Killion, mhandisi wa Kimarekani aliyebobea katika vifaa hivyo, alianzisha kampuni ya Etymotic Research, na mwaka 1991 ikatoa iafoni ya ER-4, iliyotumia utaalamu uleule wa usikivu kwa ajili ya muziki. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi sauti wa bendi ya Van Halen, akaanzisha Ultimate Ears ili kuwatengenezea wanamuziki wa jukwaani spika za masikioni zinazofuata umbo la sikio la kila mmoja. Vyote hivyo vilikuwa vitu vya wataalamu na wenye nafasi. Kisha elimu ikasambaa. Sean Olive na wenzake katika kampuni ya Harman walichapisha utafiti juu ya mgawanyo wa sauti unaopendwa na wasikilizaji wengi, na kiwanda kidogo kikaweza kuusoma na kuufuata. Mwaka 2022 kampuni mbili za China, 7Hz na Moondrop, zilitoa Salnotes Zero na Chu, iafoni za waya zenye bei ya takribani dola 20 kila moja, na watu waliozoea vitu vya bei mara kumi ya hiyo wakakiri kwamba hizi nazo zinasema kweli. Kwenye kamba ya machinga huzioni. Mara nyingi inabidi uagize. Ila kuwepo kwake kunanipa moyo, kwa sababu kunaonyesha kwamba kinachokosekana kwenye zile za elfu tano ni uangalifu wa mtengenezaji.

Sasa tulitazame sikio, maana iafoni haifanyi kazi peke yake. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, wazi kwa nje, limezibwa kwa ndani na kiwambo. Bomba la umbo hilo hukuza sauti zenye mitetemo karibu 3,000 kwa sekunde, na masikio yetu ni makali kuliko popote pengine katika eneo hilo. Huko ndiko konsonanti zinakotofautiana. Zikififia huko, thamani inageuka samani na fumbo zima limeharibika. Unapochomeka kimpira, unafunga mlango wa bomba, na ule ukuzaji wa asili unaondoka. Mtengenezaji anayejua kazi yake huurudisha kwa makusudi ndani ya kifaa. Asiyejua, au asiyejali, huuacha, na mwimbaji anasogea mbali. Mwingine huurudisha kwa pupa, na kila "s" na "sh" inachoma mpaka unavua iafoni ukalisugua sikio. Haya yote yanaamuliwa na utando mdogo, koili na sumaku ambavyo ukivikusanya havijai kijiko cha chai.

Besi yenyewe sina ugomvi nayo. Dansi bila besi si dansi. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na katika vibao vya Mlimani Park mpiga besi anatembea na wimbo mwanzo hadi mwisho, akiuuliza na kuujibu. Nataka nimsikie kwa noti, nijue hapa amepanda na hapa ameshuka. Kinachouzwa kwa jina la besi kwenye maboksi yale ni mvumo mmoja usiobadilika, uliopakwa juu ya kila wimbo. Tena una madhara yake: sauti nene ikizidi huzifunika zilizo juu yake ndani ya sikio lenyewe. Sikio ndivyo lilivyoumbwa. Ukiongeza mvumo, umemfunika mwimbaji, hata kama hakuna aliyeigusa sauti yake.

Na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa njia. Mtu ananunua iafoni nzuri, anaichomeka juu juu, anasikia muziki mwembamba usio na chini, anasema haina besi. Anaitupa na kutafuta iliyojazwa mvumo. Kumbe kosa lilikuwa kwenye kimpira. Sauti nene inahitaji tundu lizibwe kabisa. Ikipata upenyo mdogo tu inavuja na kupotea. Boksi huja na vimpira vya ukubwa tofauti, kwa kawaida jozi tatu, na watu wengi huvaa vile vilivyokuja vimevalishwa, vingine vikabaki kwenye boksi mpaka boksi litupwe. Vijaribu vyote. Masikio ya mtu mmoja hayalingani lazima. Si ajabu la kulia likataka kikubwa na la kushoto cha kati. Shika sikio kwa juu kwa mkono wa upande wa pili, livute kidogo kwenda juu na nyuma, tundu linanyooka, kisha ingiza kimpira taratibu huku ukizungusha. Muziki ukiwa umezimwa, guna "mmm". Ukisikia mguno wako umejaa ndani ya kichwa, sawasawa kulia na kushoto, umeziba vizuri. Ukijaa upande mmoja tu, upande mwingine unavuja. Kama umbo la iafoni linaruhusu, pitisha waya juu ya sikio ushukie nyuma, na ile mikwaruzo ya waya kwenye shati itapungua sana. Nasisitiza mambo haya madogo kwa sababu hayana gharama, na nimeona yakibadilisha iafoni ya bei ya chini kuliko pesa ambayo ingeongezwa juu yake.

Baada ya kuziba, ndipo kusikiliza. Na hapa nina shauri ambalo sijalisikia kwa wauzaji wala kwa vijana wanaojua vifaa: nenda dukani na wimbo wa zamani, uliorekodiwa mono.

Tumezoea kuambiwa kwamba rekodi za kale hazifai kupimia vifaa vya kisasa. Zina mchakacho, besi yake ni ndogo, hazina upana. Kweli. Lakini tufikirie ni nini kinachoharibika kwanza kwenye kifaa kilichotengenezwa kwa haraka na kuuzwa rahisi. Ni ulinganifu wa pande mbili. Iafoni ni spika mbili, na kuzifanya mbili zifanane kabisa kunahitaji kupima, kupanga jozi na kukataa zisizolingana. Hiyo ni kazi ya muda, na muda ndio unaokatwa bei inaposhuka. Kwenye wimbo mpya wa stereo, wenye gitaa huku na kinanda kule, hutajua kama upande mmoja umepungua kwa sababu ya kifaa au kwa sababu fundi mitambo alitaka hivyo. Rekodi ya mono haina la kujificha. Kulia na kushoto vinapewa kitu kimoja kilekile, na masikio mawili yakipokea kitu kimoja yanakubaliana kukiweka katikati ya kichwa. Mwimbaji lazima asimame hapo, katikati kabisa, na bendi nyuma yake. Asiposimama hapo, kifaa kina kasoro.

Nilikuwa duka moja dogo la Mtaa wa Aggrey, kijana muuzaji akanifungulia iafoni ya elfu kumi na tano. Nilitoa vimpira vyangu mwenyewe mfukoni nikavivalisha, nikachomeka pini kwenye pleya, nikaweka kibao cha Sikinde, haohao Mlimani Park, ambacho Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka wanapokezana. Gurumo ana sauti nzito, ya mtu mzima anayetoa hukumu; Bitchuka anaingia juu yake kwa sauti nyembamba iliyonyooka. Wote wawili walikuwa wamehamia kushoto. Nikamwambia, "Mwanangu, hii inaegemea."

"Labda ni sikio lako, mzee," akanijibu, kwa adabu tu.

Ilikuwa hoja halali. Masikio nayo hutofautiana, na nta huziba. Nikageuza: ya kulia nikaiweka kushoto, ya kushoto nikaiweka kulia. Waimbaji wakahama, wakaenda kulia. Kama tatizo lingekuwa sikio langu, wangebaki palepale. Nikampa asikilize mwenyewe, baada ya kufuta vimpira. Akasikiliza, akageuza, akasikiliza tena. Kisha akanyamaza, akafungua boksi la pili la aina ileile, na la tatu. La tatu waimbaji walikaa katikati. Nililinunua hilo, na ninalo mpaka leo.

Angalia kwamba zote zilikuwa za aina moja, bei moja, kwenye maboksi yanayofanana. Ndiyo maana siamini sana mtu anayeniambia "nunua aina fulani" kisha akaishia hapo. Kwenye bei za chini unachagua aina, halafu unachagua tena kipande kimoja kati ya vipande vya aina hiyo.

Kuna kasoro ya pili ambayo mono huifichua, nayo ni nyaya zilizogeuzwa upande mmoja. Spika ya kulia inaposukuma, ya kushoto inavuta. Kila upande ukiusikiliza peke yake ni mzima kabisa. Ukizivaa zote mbili, mwimbaji anakosa mahali pa kusimama. Anatawanyika, yuko pande zote na hayuko popote, na besi inalegea. Watu husema iafoni hii ina "sauti pana", wakaipenda kwa siku mbili tatu, kisha wakaanza kuchoka bila kujua kinachowachosha.

Ya tatu inatisha ukikutana nayo mara ya kwanza. Iafoni ina njia tatu: ya kulia, ya kushoto, na moja ambayo hizo mbili hushirikiana kurudishia umeme. Hiyo ya pamoja ikikatika, au pini isipoingia hadi mwisho, umeme unazunguka kutoka spika moja kwenda ya pili, na kinachosikika ni tofauti tu kati ya kulia na kushoto. Kwenye wimbo wa stereo, gitaa za pembeni na mwangwi vinabaki, mwimbaji anatoweka. Kwenye wimbo wa mono hakuna tofauti kati ya kulia na kushoto, kwa hiyo karibu kila kitu kinapotea. Nimeona watu wakitembea na iafoni za namna hiyo kwa wiki kadhaa, wakidhani kibao walichopakua ni cha kuimbia. Sukuma pini mpaka isikike imekaa. Pini yenye mistari mitatu imetengenezwa kwa ajili ya simu yenye maikrofoni, na baadhi ya pleya haziipokei vizuri. Kama pleya yako ni ya muziki tu, ile ya mistari miwili haina usumbufu.

Baada ya mono kupita, weka udi. Mimi huweka wa Zein l'Abdin wa Mombasa, aliyetokea Lamu. Kila mkwaruzo wa kipigio kwenye uzi unatakiwa uwe na mwanzo na mwisho wake, usiache ukungu. Kisha weka santuri ya kale iliyohamishwa, kama unayo. Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sauti yake imetufikia kupitia santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zenye mchakacho mwingi. Iafoni yenye ukali uliozidi itakuletea mchakacho mbele na Siti nyuma. Iliyotulia inauacha mchakacho uwepo mahali pake, na baada ya dakika moja unausahau, unabaki naye. Shangazi yangu wa Tanga, ambaye taarabu aliisikiliza miaka mingi kwenye redio ya mkulima iliyowekwa dirishani, nilimvisha iafoni za namna hiyo mchana mmoja. Alikaa kimya karibu wimbo mzima, kisha akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu waliozibwa masikio: "Mwanangu, kumbe kuna mtu anaitikia nyuma!" Wimbo huo anaujua kwa moyo tangu ujana wake.

Jambo hilo lanifikirisha. Taarabu na dansi ni muziki wa watu waliokusanyika. Mtu anainuka kwenda kutunza, wengine wanaangaliana kujua fumbo limemwendea nani, na ukumbi mzima unajibu. Iafoni inamtoa msikilizaji kwenye mkusanyiko huo na kumfungia peke yake. Wajapani waliotuletea muziki wa kutembea nao walilihisi hilo mapema. Walkman ya kwanza ya Sony, iliyoingia sokoni Julai 1979, ilikuwa na matundu mawili ya spika za masikioni, kwa sababu Akio Morita, mwenyekiti wa kampuni, aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake. Matundu mawili hayakudumu. Sisi tumebaki na njia yetu: wewe sikio moja, mimi sikio moja, waya ukiwa katikati. Utawaona vijana wamekaa hivyo kwenye ngazi za shule na kwenye viti vya nyuma vya basi. Wimbo wa stereo ukigawanywa hivyo, mmoja anapata gitaa la solo na mwingine anapata la rithimu, na hakuna aliyepata wimbo kamili. Kibao cha zamani cha mono kinagawanyika bila mtu kupunjwa. Kwa watu wawili wenye iafoni moja, rekodi zile za Redio Tanzania ni bora kuliko nyingi zilizotengenezwa baadaye.

Lakini mwenye kusikiliza peke yake naye anapata kitu ambacho ukumbini hakipatikani, na shangazi amekwisha kukitaja. Ukumbini hukusikia mwitikiaji wa nyuma. Hukusikia mpiga rithimu akibadilisha kidole nusu pigo kabla ya kiitikio. Mapenzi niliyo nayo kwa waimbaji wale yameongezeka kwa sababu ya ukaribu huo.

Ukaribu una hatari yake, nayo lazima isemwe waziwazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Kipimo wanachokitaja ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda salama unapungua kwa nusu: 83 ni saa 20, na ukifika 90 zimebaki saa nne kwa wiki nzima. Fikiria safari ya Mbagala hadi Posta, kwenda na kurudi, ndani ya gari lenye injini inayonguruma na konda anayepiga bati. Mwenye iafoni isiyoziba anapandisha muziki juu ya kelele hizo zote ili asikie, na anafanya hivyo kila siku. Iafoni iliyoziba vizuri inazuia kelele kabla hazijaingia, kwa hiyo muziki unaweza kushushwa na maneno yakasikika vilevile. Hii kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuchagua zinazozama sikioni badala ya zile zinazoning'inia mlangoni mwa sikio. Na ndiyo sababu ileile ya kuvua angalau moja unapovuka barabara, maana bodaboda haitakungoja umalize ubeti. Zinazokufa kwanza sikioni ni sauti nyembamba, zile zinazobeba "s" na "th". Hazirudi.

Zisizo na waya nazipita haraka. Ni nzuri kwa mwenye simu na mwenye umeme wa uhakika. Kwa bei tunayozungumzia hapa, sehemu kubwa ya pesa imekwenda kwenye betri na mawasiliano, na betri ndogo zile huchoka baada ya miaka michache kisha kifaa kizima kinatupwa. Ya waya, ukiitunza shingo ya pini isikunjwe, hudumu. Wavu wake ukiziba kwa nta, igeuze mdomo uangalie chini, usugue kwa mswaki mkavu laini. Mara nyingi ile inayosemekana "imekufa upande mmoja" imezibwa tu.

Mwisho nina ombi kwa wenye maduka, wa Kariakoo, wa Luthuli, wa Marikiti, wa Darajani. Mnatuuzia vitu vya kuingia sikioni kwa sheria kwamba ukichomeka umenunua. Naelewa sababu: usafi, na watu wanaojaribu siku nzima bila kununua. Lakini tiba yake ni ndogo. Wekeni mezani pleya moja yenye nyimbo ambazo wateja wenu wanazijua, jozi chache za vimpira vya kujaribia, pamba na kichupa cha spiriti. Mteja avalishe, asikilize dakika mbili, avue, mfute. Ile isiyokaa katikati irudisheni kwa aliyewauzia kwa jumla, msimsukumie mama aliyetoka Chanika na elfu kumi yake ya mwisho kumnunulia mwanawe. Na nyinyi wanunuzi, msiondoke dukani kabla hamjageuza kulia kuwa kushoto.